Lenzi ya kubana kwenye simu: nimeijaribu kwa macho ya samaki wa Tumbe

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Nimeinunua shilingi 18,000 katika duka moja la vifaa vya simu Chake Chake, hapa Pemba, baada ya kuvutana kutoka 25,000. Ndani ya kijiboksi mna lenzi mbili zilizofungana kwa skrubu, kibanio cha plastiki chenye mpira kwa ndani, kitambaa cha kufutia na kifuko cha kamba. Lenzi ya juu ni ya kupanua picha, ya watu wa harusi na mandhari. Hiyo sina haja nayo na sitaizungumza. Ukiifungua ukaitoa, inabaki ya chini, ya kukuza vitu vidogo. Boksi limeandikwa inakuza mara 15. Walipima kwa rula ya kwao.

Mimi si mpiga picha. Nilikuwa muuguzi wa macho miaka 22, nikastaafu, na sasa nina mgahawa wa meza sita hapa Wete. Napika samaki: wa kupaka, wa kukaanga, mchuzi wa changu, na Ijumaa wali wa nazi na nguru. Siku tatu kwa wiki naondoka na gari ya mwanzo kwenda mnadani Tumbe. Siku nyengine naletewa. Samaki namkagua jicho kabla sijauliza bei. Ndivyo alivyonifundisha mama, na hospitali ikanifundisha kwa nini. Ila sasa macho yangu mwenyewe yamechoka, na miwani ya kusomea inateleza puani kwa jasho, ndiyo nikasema ninunue kitu cha kunikuzia.

Msidhani kukagua jicho ni mila ya wanawake wa Pemba tu. Umoja wa Ulaya wana kanuni ya 1996 ya kuwapanga samaki kwa ubichi, na jicho lina safu yake. Samaki wa daraja la juu kabisa jicho lake limetuna, konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ni ang'avu, mboni nyeusi inang'aa. Yule wa kutupwa jicho limezama katikati, mboni ya kijivu, konea kama maziwa. Mama hakujua kusoma, na angeijaza safu ile bila ya kukosea.

Sababu yake ni hii. Konea haikai ang'avu yenyewe. Kwa ndani ina safu moja ya seli ambazo kazi yao usiku na mchana ni kutoa maji, kama mtu anayefua maji kwenye ngalawa inayovuja. Akifa mwenye jicho, mfuaji anaweka ndoo chini. Maji yanapenya, konea inavimba, nyuzi zake zilizokuwa zimepangika sawasawa zinaachana, na mwanga badala ya kupita unatawanyika. Ule weupe ndio huo. Na shinikizo la ndani nalo linashuka, jicho linalegea na kubonyea. Kwa mtu ni hivyo, kwa changu ni hivyo.

Sasa jaribio lenyewe. Nilichukua changu wawili wa boti moja, wote bado wanahema, saa 12 na nusu asubuhi. Mmoja nikamtia kwenye boksi la barafu. Wa pili nikamlaza kwenye sinia kivulini nyuma ya mgahawa, wazi, makusudi. Kila saa nikapiga picha.

Picha ya mwanzo ya wote wawili ni ya kutundika ukutani. Mboni nyeusi kama wino, pembeni pete ya rangi ya dhahabu yenye vijidoa ambavyo kwa miaka yote nilikuwa sijaviona, na juu yake nimejiona mimi mwenyewe, mtandio na kila kitu, mdogo kama punje ya mchele. Hapo nikasema elfu kumi na nane yangu imerudi.

Saa 3 yule wa sinia kioo kilikuwa bado kinapitisha mwanga, lakini sura yangu juu yake imekunjika, kama kitambaa cha meza ambacho hakikuvutwa vyema. Ni ukavu. Samaki hana kope, na maisha yake yote jicho linaoshwa na bahari. Ukimtoa, hana cha kulifunikia. Saa 5 ukungu umeshaingia na ile dhahabu imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Saa 7 mboni ya kijivu, katikati pamezama. Paka wa jirani wakamaliza utafiti.

Wa barafuni ndiye aliyenifundisha jambo. Jicho lake la juu saa 7 lilikuwa karibu sawa na la alfajiri. Nikamgeuza: jicho la chini, lililolalia barafu, jeupe pe! Samaki mmoja, saa zile zile, macho mawili yanasema maneno mawili. Barafu yetu ni ya maji matamu, na konea ya samaki wa baharini ikiguswa nayo inaharibika hata kama nyama ni safi kabisa. Tangu siku hiyo naweka jani la mgomba baina ya samaki na barafu, na nikiwa sokoni siangalii jicho moja. Wachuuzi wanajua hili zamani, ndiyo maana samaki wanapangwa ubavu mmoja juu na ukitaka kumgeuza unaambiwa "shangazi, unamchubua!"

Pana ufundi mmoja nimeuongeza ambao boksi haliusemi. Kliniki za macho zina ile mashine ya kuwekea kidevu, inayotoa mwanga mwembamba kama uzi. Mwanga ule ukilipiga jicho kwa upande, unaiona konea kwa unene wake, kama umekata kipande cha keki. Konea ya mtu hai kati kati ni kama nusu milimita. Basi nimechukua gamba la boksi la chai, nimelichana kwa wembe mwanya mmoja, nimelifunga kwenye tochi. Simu mkono wa kulia na lenzi yake, tochi mkono wa kushoto kwa ubavu, mtu mwengine anamshika samaki kichwa. Kwa jicho bichi unaona mstari mwembamba wa mwanga juu ya giza. Kwa jicho lililolala, yaani la samaki asiye mbichi tena, mstari umenenepa, mweupe, kingo zake zimefifia. Hapo utaona hata kabla ukungu haujaonekana kwa macho matupu. Nilipopata picha ya kwanza ya namna hiyo nilimwita mpishi wangu aje aone. Akaangalia, akasema "Hongera, bi," akarudi kukuna nazi.

Kijana ninayenunua kwake Tumbe alinishangaa zaidi. Aliniona nimeinama juu ya tenga, simu imekaribia kumgusa kolekole.

"Shangazi, unamtafuta aliyemuua?"

Watu wakacheka. Lakini neno lile lina historia, nikamwambia. Pana zama Ulaya watu waliamini kwamba jicho la maiti linabaki na picha ya kitu cha mwisho lilichokiona, na polisi wakafikiri watamwona muuaji humo. Hawakuwa wajinga moja kwa moja. Mwaka 1876 Franz Boll aligundua kwamba rangi nyekundu ya retina, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, inafifia kwa mwanga, na Wilhelm Kühne wa Heidelberg akaendeleza: akamtia sungura gizani, kisha akamwelekeza kwenye dirisha lenye vyuma, akamuua, akaitoa retina na kuihifadhi kwa dawa. Dirisha likaonekana, vyuma na yote. Mwaka 1880 akajaribu jicho la mtu aliyehukumiwa kufa na kukatwa kichwa, lakini alichokiona hakikufanana na chochote. Picha ile inahitaji giza kwanza, kisha mwanga mkali, kisha haraka. Mtu hafi kwa utaratibu huo.

"Kwa hiyo huoni kitu," akasema kijana.

Naona, lakini si muuaji. Naona saa.

Na hili la saa ndilo lililonifanya niandike kirefu kuliko kawaida ya watu wanaosifu vitu vya simu. Wodini tulikuwa tukimfumba maiti macho mara moja. Dini yetu inasema roho ikitoka jicho huifuata, kwa hiyo hakuna Mpemba anayehitaji kufundishwa kazi hiyo. Lakini nakumbuka mzee mmoja alifariki usiku, macho yakabaki nusu wazi, na watoto wake wako Unguja wanangoja boti. Walipofika na kumfunua, kwenye weupe wa macho, kulia na kushoto ya mboni, mna mstari wa rangi ya kahawia iliyokoza. Binti yake akapiga ukelele, akadhani baba kapigwa. Daktari akamweka chini akamweleza: ni sehemu ile iliyobaki wazi kwa hewa, imekauka. Kwa jicho lililo wazi mstari huo unakuja ndani ya saa chache tu, na konea inaanza kufifia mapema. Lililofumbwa linakaa ang'avu muda mrefu zaidi, pengine siku nzima. Nilipokuwa nikimtazama yule changu wa sinia anakunjika, ndiye mzee niliyemkumbuka.

Wenzetu wenye vifaa vikubwa wamekwenda mbali. Mwaka 1956 huko Marekani daktari Jack Kevorkian, huyo huyo aliyekuja kujulikana baadaye kwa kuwasaidia wagonjwa kujiua, aliandika juu ya alichokiona ndani ya macho ya wagonjwa wanaokata roho na kuyapiga picha. Moyo ukisimama, damu iliyomo kwenye mishipa ya retina inakatika vipande vipande. Vitabu vya Kizungu vinasema kama mabehewa ya treni. Unguja angalau zamani walikuwa na reli ya Bububu. Sisi huku tuseme kama shanga zilizoachana kwenye uzi.

Na ile mashine ya OCT, inayopitisha mwanga usioonekana ikakuletea tabaka za retina moja moja kwa vipimo vya sehemu za elfu za milimita, picha zake za mwanzo zilizochapishwa 1991 hazikuwa za mtu hai. Zilikuwa za retina ya binadamu iliyokwisha kutolewa mwilini. Siku hizi kuna wanaoirejesha kwa maiti makusudi, kutazama retina inavyovimba, tabaka zinavyochanganyika na kubanduka. Kikwazo chao ni kile kile changu: konea ikishakuwa maziwa, mwanga hauingii tena, na mlango umefungwa. Ndiyo maana wengine wameacha picha wakachota ute wa ndani ya jicho kwa sindano. Tangu miaka ya 1960 wanapima madini ya potasiamu humo, kwa sababu seli zinapokufa zinaivujisha na inapanda saa baada ya saa. Lakini joto linaikimbiza. Hesabu iliyopigwa kwenye chumba cha baridi cha Ulaya usiilete Tumbe mwezi wa Februari.

Turudi kwenye lenzi, maana ina kasoro zake na msije mkanilaumu.

Kwanza, lazima uikaribishe samaki kiasi cha vidole viwili. Ukisogea kidogo tu picha inapotea, na kitu kinachoonekana vyema ni chembamba mno: ukiipata mboni, pete inafifia, ukiipata pete, mboni imekwenda. Napiga kumi nabakisha mbili. Kwa samaki mdogo kama dagaa ni kujisumbua, na kwa kuwa inatazama kwa mbele tu haikuonyeshi kama jicho limetuna au limezama. Hilo itoe lenzi, inama, tazama kwa ubavu kama alivyokuwa akifanya mama.

Pili, kibanio. Simu yangu ina kamera tatu nyuma, na lenzi inataka kukaa juu ya moja tu. Nikifungua kamera, simu inajichagulia yake na naona kiza. Nimeweka nukta ya rangi ya kucha kwenye kava pale panapotakiwa. Mpira wa ndani umebanduka wiki ya tatu. Nimeugandisha na gundi ya viatu. Utelezi wa samaki na chumvi ni maadui wake wakubwa, na kile kitambaa walichokupa kinausambaza tu. Maji matamu kidogo, kisha kanga kuukuu iliyofuliwa mara mia, ndiyo dawa.

Tatu, duka. Lenzi ya kwanza niliyopewa ilikuwa na mkwaruzo. Nilirudi siku ya pili na boksi na risiti, nikaambiwa "mama, ukishafungua imekuwa yako." Nikauliza nitauonaje mkwaruzo bila ya kufungua. Kijana akatazama dari. Nilisimama pale mlangoni mpaka wateja wengine wawili wakaanza kuniuliza nini kimetokea, ndipo ikapatikana nyengine chini ya meza. Kagueni hapo hapo dukani.

Kasoro ya nne si ya lenzi, ni ya jicho lenyewe, na hii ndiyo ningependa wenye migahawa waisome mara mbili. Chewa akivutwa haraka kutoka kina kirefu, hewa ya ndani yake inapanuka na macho yanamtoka. Ukimwona ametoa macho usiseme huyu mbichi. Anaweza kukaa hivyo hata akiwa amelala. Na jodari ni mbaya zaidi. Jodari akiachwa juani, bakteria wanatengeneza histamini, aina ya sumu, kwenye nyama, na jicho linaweza kuwa zuri bado. Nilishampikia mgeni jodari ambaye picha yake ya jicho ningeweza kuitia fremu. Haikupita nusu saa uso wake mwekundu, kichwa kinamgonga, moyo unakwenda mbio. Akapona, alhamdulillahi, lakini nililala macho wazi. Histamini haiondoki kwa kukaanga wala kwa kuchemsha. Kwa jodari, vibua na nguru siku hizi swali langu la kwanza ni barafu ilikuwepo tangu saa ngapi, kisha nainua mashavu nitazame matamvua, kisha nanusa. Jicho linakuja la nne.

Nyota nimeipa tatu na nusu. Ingepata nne kama si ule mpira.

Faida yake ya kweli kwangu ni kumlinganisha samaki na yeye mwenyewe: huyu wa alfajiri na huyu huyu wa adhuhuri. Picha moja pekee, ya samaki usiyemjua katoka saa ngapi, haikupi mengi. Nilikuwa nikisema hivyo kwa uhakika mpaka wiki iliyopita.

Yule kijana wa Tumbe naye kanunua lenzi, duka lile lile. Siku nisizokwenda hunitumia picha kwa WhatsApp, nami nimemwambia azitume kama dokumenti, maana zikitumwa kama picha za kawaida zinabanwa na kuchakaa. Jumanne alinitumia changu watano. "Shangazi, wametoka sasa hivi, alfajiri hii, bado nipo ufukweni." Jicho zuri. Mboni nyeusi, pete ya dhahabu. Nikataka kumwambia lete.

Nikaivuta picha kwa vidole, mazoea tu. Juu ya mboni, pale panapong'aa, mna mstari mweupe ulionyooka: taa ndefu ya darini. Chini ya taa, mlango wa friza uliofunguliwa. Na mbele ya friza kichwa, mabega, mkono umeshika simu.

Nikamwandikia: "Mwanangu, leo nimemwona aliyemuua. Yuko ndani, kavaa fulana ya mistari, na taa inawaka."

Tiki mbili zikawa buluu. Akakaa kama dakika kumi.

"Shangazi, nakupunguzia elfu tatu."